Kidole cha Mwisho

"Hukutia kidole," mke alisema kwa mara ya tatu.

"Nilitia."

"Basi hii imetoka wapi? Imezaliwa humo ndani?"

Risasi yenyewe ilikuwa imesimama juu ya meza ya cherehani, kati ya kopo la vifungo na kisahani cha pini. Mke aliiweka pale tangu alfajiri ili mumewe aione akinywa chai, aione akivaa viatu, aione akijifanya anatafuta miwani. Alikuwa fundi wa kushona, na kwa uzoefu wake kosa la mshono halionyeshwi kwa kelele. Unaliweka mbele ya macho ya aliyelifanya na kumwacha alitazame.

Mume alisema alitia kidole kama alivyotia kwa miaka thelathini na moja, na kwamba hatafundishwa bunduki na mtu ambaye silaha yake ni mkasi. Mke akamjibu kuwa mkasi wake haujawahi kumlenga mtu mgongoni.

Kilichotokea jana jioni hakikuwa na ubishi. Jana ilikuwa Jumanne, na msimu wa kuwinda ulikuwa ufunguliwe Jumamosi. Mume alirudi kutoka uwanja wa shabaha, ambako alikwenda kurekebisha darubini ya bunduki. Aliketi sebuleni, akavuta komeo, akaingiza kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kwenye chemba, lile tundu risasi inamokaa, akakiinua juu, akasema, "Tupu," akampa binti yake bunduki. Binti alikuwa na zoezi lake la kila jioni tangu katikati ya mwaka: kusimama mlangoni, kulenga kifungo cheupe kilichogongomelewa ukutani, na kubonyeza kifyatulio cha bunduki isiyo na kitu mara thelathini bila kifungo kutikisika ndani ya darubini. Ukuta ule ulikuwa wa mbao. Nyuma yake, jana kama kila siku, mama yake alikuwa ameketi kwenye cherehani, mgongo ukutani.

Kwa taratibu za nyumba ile, anayepokea naye hutia kidole. Binti alitia, akakuta shaba ya risasi.

Hakupiga kelele. Alisukuma komeo, akalivuta tena, na mara ya pili risasi ikaruka nje. Akaitia mfukoni, akasema anaumwa kichwa, akaenda kulala bila kufanya zoezi. Alfajiri, kabla ya kwenda kazini, alimpa mama yake ile risasi jikoni na kumweleza kwa sentensi mbili. Binti alikuwa fundi umeme. Kazini kwake, mtu akimwambia umeme umezimwa, huitikia kwa heshima halafu anapima mwenyewe. Alisema hilo tu ndilo lililomfanya apime.

"Mtoto angemwamini baba yake," mke alisema, "leo ungekuwa unatafuta jembe."

Mume alikunywa chai yake yote, akatoka uani.

Katika nyumba ile mwaka haukuanza na Januari. Ulianza siku msimu wa kuwinda ulipofungwa, mifuko ilipomwagwa uani na kila kitu kukaguliwa kama maiti. Makoti yalifuliwa kwa sabuni isiyo na harufu, kwa kuwa swala hunusa marashi kabla hajamwona mtu, na yakaanikwa mbali na moshi wa jiko. Buti zilijazwa karatasi na kukaushwa kivulini, kisha zikapakwa mafuta mara mbili. Visu vilinolewa, vikafungwa kwenye matambara. Bunduki ilifunguliwa juu ya gazeti, mtutu ukapitishwa ufito wenye kitambaa mpaka kitambaa kikatoka kama kilivyoingia.

Baadaye ilikuja miezi ya kutembea. Mume alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha mbao, mtu wa kukaa, na asingetembea mwaka mzima angewafia wenzake kilimani. Kwa hiyo kila Jumapili alibeba mfuko wa mchanga na kupanda mlima nyuma ya mji pamoja na binti yake. Huko alimfundisha kusoma ardhi: kwato zilizopita kabla ya umande na zilizopita baada yake, kinyesi cha leo na cha juzi, upepo unavyogeuka bonde linapopata joto. Mke naye alikuwa na zamu yake. Alishona mifuko, mikanda, makoti yenye mifuko ya ndani isiyotoa mlio. Wanaume wanane wa kundi lile walivaa mishono yake, na kila mmoja alidhani koti lake ndilo zuri zaidi. Nusu ya nyama iliyoingia friza za mtaa ule ilikuwa imepita mikononi mwake kabla haijazaliwa, alipenda kusema.

Na juu ya yote hayo kulikuwa na neno moja. Bunduki ya mume ilikuwa ya zamani, na kile kidude cha chuma kinachoikamata risasi na kuitoa, ambacho wao walikiita kucha, kilikuwa kimelika. Mara nyingi kilifanya kazi. Mara nyingine ulivuta komeo, likarudi mikono mitupu, na risasi ikabaki imelala chemba. Wawindaji huvuka mito na seng'enge kwa kupeana bunduki, mara nyingi gizani kabla ya jua. Kwa sababu hiyo mume aliweka sheria: macho hayaaminiwi, kwa maana jicho la mtu aliyechoka huona linachotaka. Tia kidole cha mwisho, ndicho kinachoingia. Kiinue wenzako wakione. Sema "Tupu." Ndipo unapotoa bunduki.

Sheria hiyo ilimpa jina. Kundi zima lilimwita Kidole, na hata kiwandani wengine hawakujua jina lake lingine.

Saa nne ilipogonga alikuja kaka yake mke, kinyozi, kuchukua koti lake. Alikuwa mtu wa maneno mengi kama walivyo vinyozi, na aliingia akiuliza kwa nini nyumba imenuna kama imekatwa kipara. Kisha akaiona risasi mezani. Dada yake alimsimulia bila kupunguza. Alipofika kwenye ukuta wa mbao, kinyozi aliacha kulijaribu koti.

Mume aliingia kutoka uani, amebeba mkanda wa bunduki uliofumuka pembeni, na uzi.

"Shemeji," kinyozi alisema, "mimi porini hutembea mbele yako."

"Miaka kumi na tisa."

"Ndiyo. Na mgongo wangu haujawahi kuuliza swali. Leo umeanza kuwasha."

Mume hakucheka. Alisema kila mtu anaweza kupatwa na jambo mara moja. Kinyozi akatazama sakafu, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mteja kwamba ana chawa, kwamba mwalimu naye alisema hivyo hivyo.

Mwalimu alikuwa mwanachama wa kundi lile mpaka miaka minane iliyopita. Kwenye seng'enge moja alisema "Tupu" na bunduki haikuwa tupu. Hakuna aliyeumia. Mwalimu aliapa kwamba kidole alitia. Mume, Kidole mwenyewe, mbele ya wote alimwambia kwamba mtu anayesema neno lile bila kutia kidole hana tofauti na mtu anayemwaga sumu kisimani. Mwalimu alirudi mjini peke yake siku ile, kwa miguu. Hakuwinda tena. Walipokutana barabarani alisalimia kwa kuinua mkono kutoka upande wa pili, na hakuvuka.

"Yule hakutia," mume alisema.

"Alisema alitia."

"Alidanganya."

"Haya," kinyozi alisema, akakunja koti lake. Aliomba apewe jibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu kundi la upande wa pili wa mto lilikuwa limemkaribisha na hakupenda kuwa mtu wa kubahatisha. Alimuaga dada yake. Kwa shemeji yake aligusa tu kizingiti cha mlango, kama kwamba mlango ndio uliohuzunika.

Mume aliketi kwenye kigoda karibu na dirisha na kuanza kushona mkanda. Hiyo ilikuwa kazi ya mkewe, lakini leo hakutaka kumwomba kitu. Sindano ilikuwa ile nene ya ngozi, na ngozi ilikuwa ngumu, kwa hiyo aliisukuma kwa nguvu huku akizungumza. Alisema likizo yake yote ya mwaka ameihifadhi kwa ajili ya wiki hizi tatu. Alisema shemeji ana kisirani tangu alipokosa nguruwe mwitu mwaka jana kwa hatua ishirini. Alisema kama hatakiwi aambiwe, asifanyiwe mafumbo na mtu anayefagia nywele za watu.

Mke alikuwa akipinda suruali ya mteja. Aliinua macho mara moja, akayashusha, akayainua tena.

"Unashona nini?"

"Huoni? Mkanda."

"Unashona kidole."

Mume alitazama. Sindano ilikuwa imepita kwenye ngozi, ikaingia ubavuni mwa kidole chake cha mwisho na kutokea upande wa pili, karibu na ukucha. Uzi ulikuwa umeshaifuata. Damu ilikuwa imechora mstari mwembamba mpaka kwenye kiganja na kuanza kudondokea mkanda. Alikitazama kidole kile kama kidole cha mtu aliyeketi naye kwenye basi.

Mke aliinuka, akakata uzi, akavuta sindano, akafunga kidole kwa kitambaa cha bitana. Hakusema pole. Alivuta kiti akaketi mbele yake, magoti kwa magoti, kama alivyokaa akimpima mteja mkaidi.

"Fumba macho."

"Mimi si mtoto."

"Fumba."

Alifumba. Mke alichukua mkono wake wa kushoto, ule usio na jeraha, akakitenga kidole cha mwisho. Vifungo vilisikika vikigongana ndani ya kopo.

"Nimekuwekea kifungo. Kina matundu mangapi?"

Mume alisogeza kidole mbele na nyuma, taratibu, kwa makini ya mtu anayesikiliza kichakani.

"Mawili."

"Una hakika?"

"Mawili. Cha shati."

"Fumbua."

Kidole chake kilikuwa juu ya meza, juu ya mbao tupu. Kopo lilikuwa kwenye mapaja ya mkewe, na vifungo vyote vilikuwa ndani yake.

Nje mtu alipita akisukuma baiskeli yenye mnyororo mkavu. Baadaye mke aliuliza tangu lini, na mume akasema tangu msimu uliopita, au kabla. Alidhani ni baridi. Kisha akadhani ni mafuta ya bunduki, yanakausha ngozi. Miguu nayo usiku ilikuwa kama imevaa soksi ambazo hakuzivaa. Vile vikombe vitatu alivyovunja mwaka huu, vilivyomfanya mke amwite mzembe, hakuviachia kwa uzembe. Alidhani bado amevishika.

"Kwa hiyo jana ulitia kidole," mke alisema.

"Nilikwambia nilitia."

"Na uwanjani?"

"Uwanjani pia. Walitusimamisha watu wakague shabaha, nikavuta komeo, nikatia kidole. Nikamwinulia mlinzi, akanipungia mkono nipite."

Mke alihesabu kichwani: lango la uwanja, barabara ya soko, geti la shule, sebule. Bunduki ilipita kote huko na risasi ndani, begani kwa mtu mwenye hakika.

Mume alikuwa ameshinda ugomvi. Ulikuwa umeanza alfajiri na alikuwa na haki tangu neno la kwanza. Alikaa na haki yake, kidole kimefungwa kitambaa cha bitana, na hakujua aiweke wapi.

Binti alirudi saa saba kula. Aliona kitambaa, akaona nyuso, akanawa mikono, akaketi. Mama yake alimweleza kwa ufupi. Binti akamsogezea baba yake bakuli la mboga, kisha akageuza kijiko kilichokuwa ndani yake ili mpini umwelekee baba. Baba yake aliliona hilo.

Mume alijaribu njia moja ya mwisho. Alisema macho bado anayo, na tochi zipo, anaweza kumulika chemba.

"Tochi gizani?" mke aliuliza. "Swala watakushukuru."

"Wengine humulika."

"Wengine uliwafukuza."

Hilo lilikuwa kweli; wawili aliwafukuza kwa sababu ya tochi. Mume akaachana na tochi.

Mke alisema lake wazi. Yeye angependa chuma kile kirudishwe serikalini leo hii, komeo na kucha yake mbovu, na Jumatatu mume aende hospitali wakampime sukari, maana marehemu mama mkwe naye alianza kwa kuangusha vikombe. Juu ya hospitali hakutaka majadiliano. Juu ya bunduki angesikiliza, lakini kwa sikio moja.

Binti alitafuna, akameza. Alisema hakuwahi kuitaka bunduki. Alitaka Jumapili za mlimani, bunduki ikaja nazo kama mkia. Alisema pia kwamba kifungo cha ukutani hakijatikisika tangu mwezi wa nane, na kwamba kwa fundi wa bunduki, ile kucha ni kazi ya nusu siku, ameshauliza.

"Ulimuuliza lini?" baba yake alisema.

"Mwaka jana. Ulisema bunduki isiyo na kasoro humfanya mtu awe mzembe."

Mume aliangalia mkono wake. Leseni ilikuwa na majina mawili, lake kama mwenye silaha na la binti kama mtumiaji, tangu binti alipofaulu mafunzo. Aliijua karatasi ile vizuri. Aliiweka ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya bahasha, ndani ya kabati la chuma, na ufunguo wa kabati ulikuwa shingoni mwake wakati wa kuoga na wa kulala.

"Ofisi ya leseni inafungwa saa ngapi?"

"Saa tisa," binti alisema.

"Nani atasoma nyayo Jumamosi?" mke aliuliza. Aliuliza kama mtu anayeuliza nani ataosha vyombo.

"Nyayo husomwa kwa macho," mume alisema. "Nitabeba mfuko."

Alivua ufunguo shingoni. Ulimsumbua kidogo kupita kwenye masikio, na mkewe hakumsaidia, kwa sababu alijua hapendi. Kabla ya kutoka alimpigia simu kinyozi. Alimwambia koti lake alivae tu, atembee mbele ya mpwa wake. Kisha akahamishia simu sikio la pili.

"Na mwalimu," mume alisema. "Muulize kama bado ana buti. Mwambie nimeuliza mimi."

Kinyozi aliuliza aseme ni kwa nini.

"Mwambie labda naye alitia."

Ofisi ya leseni ilikuwa chumba kirefu chenye benchi moja na kaunta ya juu kupita kiasi, iliyowafanya watu wote waonekane wamekuja kuomba. Watu watano walikuwa benchini. Karani, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliwapa fomu moja na kuwaambia wabadilishane nafasi: wa juu aandikwe chini, au afutwe kabisa.

"Nifute," mume alisema.

Penye sababu aliandika: afya. Kalamu ilitoboa karatasi. Siku hizi aliishika kalamu kama nyundo, kwa kuwa asipoibana hakujua kama bado anayo. Karani alilitazama tundu, akamtazama yeye, akauliza kama mzee ana hasira na serikali. Benchi likacheka. Mume akaomba radhi na kutia sahihi kando ya tundu.

Karani alilinganisha namba za kwenye fomu na za kwenye chuma, akarudi kitini, akachukua muhuri.

"Mwenye zamani amkabidhi mwenye mpya, nikiona. Iko tupu?"

Mume aliishika bunduki, mtutu juu, akavuta komeo. Binti alikuwa amesimama mbele yake, mikono tayari, kama walivyosimama kwenye seng'enge na mito yote ile. Kidole cha mwisho, pamoja na kitambaa chake cha bitana, kilikuwa kimeshaanza safari chenyewe kuelekea chemba. Alikisimamisha njiani. Akakikunja ndani ya ngumi.

"Sijui," alisema.

Karani aliteremsha muhuri bila kuugonga.

"Hujui vipi, mzee? Bunduki si yako?"

"Muulize yeye."

Binti aliipokea. Alitia kidole, akakiacha humo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akakiinua juu, chenye mafuta kidogo, mahali ambapo baba yake angekiona vizuri.

"Tupu," alisema.

Karani akagonga muhuri.